Kighuba kimoja, madai matatu: mazalia, vizimba au dagaa? Watu wa ziwa tujadiliane

Mwana_wa_Mwaloni (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka! Nawasalimu wote, hasa wenzangu wa Kanda ya Ziwa.

Wiki mbili zilizopita kijijini kwetu, ndani ya Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, tulikaa mkutano wa kijiji ambao hadi leo haujanitoka kichwani. Ajenda ilikuwa moja: kighuba chetu kidogo, ambacho mtu mwenye kasia nzuri anakivuka kwa nusu saa. Afisa na baadhi ya wazee wa BMU, kile kikundi cha wanajamii cha kusimamia uvuvi, walisimama wakasema pale ni mazalia ya samaki, pafungwe, asiingie mtu na wavu. Kikundi cha vijana wakiwa na mfadhili wao wakasema pafaa vizimba vya kufugia sato majini, ajira zipo, mkopo upo. Wavuvi wa dagaa na kina mama wanaoanika wakasema mitumbwi yao midogo haivumilii mawimbi ya nje upepo unapochachamaa, kwa hiyo kuwatoa hapo ni kuwatoa kazini.

Wote watatu walitumia maneno yaleyale: mazingira, maendeleo endelevu, vizazi vijavyo. Mtu akisikiliza kwa mbali angedhani wanakubaliana. Mkutano ulivunjika saa kumi na mbili jioni bila uamuzi, na watu wawili nusura washikane mashati.

Niseme nilipotoka mimi ili msinihukumu vibaya. Nilikuwa katibu wa BMU kwa miaka minne. Mwaka 2018, wakati wa ile operesheni ya kupambana na uvuvi haramu, mimi ndiye niliyeshika daftari la kuorodhesha nyavu kabla hazijamwagiwa mafuta na kuwashwa moto. Jina la tatu kwenye ukurasa wa kwanza lilikuwa la mjomba wangu. Nyavu zake zilikuwa za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, ni haramu, hilo halina ubishi. Lakini alizinunua dukani mjini, mchana kweupe, kwa mkopo. Zilipoungua, deni halikuungua. Alilipa miaka miwili kwa kubeba mchanga. Aliyeziuza hakuna aliyemuuliza swali.

Tangu siku ile nina swali moja, na ndilo nalileta hapa: mbona kila tunapoamua kulilinda ziwa, gharama inaishia kwa mtu anayelowa? Waliokaa pakavu, kuanzia muuza nyavu hadi mwenye kiwanda hadi sisi wa mjini tunaovuta choo bila kuuliza kinakwenda wapi, wanabaki na kauli nzuri. Sipingi kulinda. Nataka tugawane bili.

Kilindi_na_Giza

Mkuu umenigusa. Mimi navua dagaa, nilianzia Ukerewe, sasa niko kambi moja visiwani. Nilianza na karabai, enzi hizo mafuta ya taa yanakula nusu ya usiku wako. Leo ni taa za sola na betri, nafuu kidogo. Tunafanya kazi gizani, mwezi ukiwa mkubwa tunakaa nchi kavu tunashona nyavu na kukopa unga.

Watu wengi wakisema "wavuvi haramu" wananitazama mimi. Wavu si wangu. Mtumbwi si wangu. Hata taa si yangu. Tajiri anatoa vifaa, tukirudi anakata mafuta, chakula na matengenezo, kinachobaki ndiyo tunagawana naye, halafu sehemu yetu tunagawana sisi wanne. Wavu ukichomwa tajiri ananunua mwingine, na fedha yake anaikata kwenye mgao wetu usiku baada ya usiku. Kwa hiyo adhabu imempata nani? Na aliyechagua tundu la wavu ni nani? Mimi sijawahi kuulizwa nataka wavu wa tundu gani.

Afisa_Mstaafu_Nyegezi

Wanangu, nimesoma kwa makini. Mimi nilisomea uvuvi pale Nyegezi na nimezunguka mialo, yaani vituo vya kupokelea samaki, ya kanda hii tangu sangara anabebwa na watu wawili kwa mti begani. Naomba mnivumilie niandike kirefu.

Kwanza mazalia. Sato dume huchimba kiota kwenye maji mafupi yenye mchanga au tope, kama sahani. Jike akitaga, huyabeba mayai mdomoni na kuwalea vifaranga humohumo mdomoni, akikimbilia kwenye matete wakati wa hatari. Furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, nao ni hivyo hivyo, jike analea mdomoni. Sasa pitisha kokoro hapo, ule wavu mrefu unaovutwa hadi ufukweni. Kokoro halichagui, linasomba viota, linasomba majike yenye midomo iliyojaa, linang'oa na majani. Uvutaji mmoja tu asubuhi moja. Ndiyo maana mzee wa BMU anayesema "pafungwe" hasemi kwa ukatili. Amekiona kile ambacho kijana wa miaka ishirini hajawahi kukiona: pwani iliyojaa.

Pili, sangara. Sheria inakataza kumvua akiwa chini ya sentimita 50 kwa sababu jike anachelewa sana kukomaa. Ukimvua mdogo umemla kabla hajazaa hata mara moja. Mimi nimeona saizi ikishuka mwaka hadi mwaka, na nimeona watu wakiunga nyavu zishuke chini zaidi kumfuata alipokimbilia.

Tatu, kuhusu moto. Mwana_wa_Mwaloni, mimi pia nilikuwepo kwenye mialo mingine mwaka ule. Sijutii kokoro hata moja lililoungua. Lakini ukisema muuzaji hakuguswa, umesema kweli na inaniuma, kwa sababu kanuni zetu hazimkatazi mvuaji peke yake. Kuuza na kumiliki nyavu haramu ni kosa vilevile. Tulishika mkono tulioufikia kwa urahisi.

Na tusisahau kwamba ziwa hili si letu peke yetu. Tanzania tunashika takriban asilimia 51 ya eneo lake, Uganda wana sehemu kubwa ya inayobaki, Kenya wana asilimia 6 hivi. Samaki haonyeshi pasipoti. Ukilinda upande mmoja na jirani asilinde, umemfugia yeye, ndiyo maana nchi tatu ziliunda taasisi ya pamoja ya uvuvi mwaka 1994 yenye makao Jinja.

Kizimba_Kipya

Nami niseme upande wangu kabla sijaitwa mnyang'anyi wa ziwa. Mimi ni mmoja wa waliokopeshwa vizimba. Januari 2024 Rais alikuja Mwanza kuzindua ugawaji wa boti na vizimba vya mkopo, na vijana wengi tulijitokeza kwa sababu tumechoka kuhesabu giza na mbalamwezi.

Idadi ya watu inapanda, ziwa halipanuki. Tukiendelea kutegemea kuvua tu, tutagombana hadi samaki wa mwisho. Ufugaji unampumzisha samaki wa porini. Ninaajiri watu wanne, wawili walikuwa wavuvi wa timba, leo hawana haja ya kukimbia doria.

Lakini ndugu mleta uzi, nina swali: hicho kighuba chenu kina kina gani? Nauliza kwa sababu kizimba kinataka maji marefu na mkondo unaopita. Chakula kisicholiwa na kinyesi cha samaki vinazama chini. Pakiwa pafupi na maji yametulia, vinaoza hapohapo, hewa ya oksijeni inapungua, na siku upepo ukigeuza maji ya chini yaje juu, asubuhi unakuta samaki wote wameelea. Mimi mwenyewe niliambiwa nihame kutoka sehemu iliyojificha upepo nikaona naonewa. Baadaye nilishukuru. Yule mfadhili wenu anapapenda hapo kwa sababu pako karibu na barabara na ulinzi ni rahisi. Samaki hawaangalii barabara.

Mwana_wa_Mwaloni (mleta uzi)

Kizimba_Kipya, hili hakuna aliyelisema mkutanoni! Tulibishana kwa muda wa saa nne kuhusu haki na hakuna aliyeshusha kamba yenye jiwe kupima kina. Nitakwenda kupima.

Mama_Chanja

Naomba nafasi, wanangu. Mimi nachuuza dagaa, nachukua visiwani nauza Mwaloni Kirumba, mwaka wa kumi na tisa huu. Nimesomesha watoto watatu kwa dagaa.

Nimesoma hadi hapa na hakuna aliyetaja mvua. Dagaa wakivuliwa wengi msimu wa mvua, tunawaanika mchangani, mvua inapiga, wanaoza. Ndoo kwa ndoo. Wakishaharibika rangi, hawafai kuliwa na mtu, tunawauza kwa bei ya kutupa kwa wanaotengeneza chakula cha kuku na samaki. Kisha wavuvi wanarudi ziwani kuvua wengine kufidia. Mnatafuta jinsi ya kupunguza kuvua, mimi nawaonyesha dagaa waliokwisha kufa bure. Kila kambi ingekuwa na chanja za kuanikia za kutosha, zimeinuliwa juu, zina turubai la kufunika, tungeuza wale wale kwa bei nzuri bila kuongeza mtumbwi hata mmoja. Mimi nimejenga chanja mbili kwa fedha yangu. Mkopo wa vizimba nimeusikia, mkopo wa chanja sijauona mwaloni kwetu.

Kizimba_Kipya mwanangu, sikuchukii. Lakini chakula unachowapa sato wako ndani yake mna dagaa wangu. Kwa hiyo usiseme umempumzisha samaki wa porini wakati mdogo wake anasagwa.

Jambo la mwisho. Kwenye mikutano hiyo sisi kina mama tunakaa nyuma na mtoto mgongoni, na wanaozungumza ni wenye mitumbwi. Mama yangu alikuwa anakausha furu kwa jua tu, hakuhitaji kuni. Alipokuja sangara mwenye mafuta, ikabidi kumkaanga na kumbanika, miti ya visiwani ikaanza kwenda. Halafu tukaambiwa wanawake wanaharibu misitu. Nani alimleta sangara?

Kizimba_Kipya

Mama, shikamoo. Umesema kweli. Chakula kina soya na pumba pia, lakini dagaa wamo, na bei ya chakula ndiyo inayotuumiza sote wawili kwa namna tofauti. Sina jibu la haraka la kukupa.

Mwl_Nyakato

Mama_Chanja, swali lako la mwisho ndilo ninalowafundishia wanafunzi wangu, na majibu yake yako wazi.

Sangara aliwekwa ziwani miaka ya 1950 upande wa Uganda, wakati wa ukoloni. Waliomweka walidhani wanafanya maendeleo: furu ni wadogo, wana miiba, hawana soko, basi tuweke samaki mkubwa awageuze kuwa minofu. Sato tunayemlilia leo naye aliletwa kipindi hichohicho, akamsukuma ngege wetu wa asili hadi amebaki zaidi kwenye viziwa vidogo vya pembeni. Kwa miaka mingi sangara alikuwa kimya, kisha miaka ya 1980 akalipuka. Ghuba yetu ya Mwanza ina bahati ya kuwa mahali ambapo watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walikuwa tayari wanahesabu furu tangu miaka ya 1970, ndiyo maana tunajua kilichopotea. Ziwa zima lilikuwa na spishi za furu zinazokadiriwa kufika 500, karibu zote hazipatikani kwingine duniani, na zilitokea ndani ya muda mfupi wa ajabu, maana ziwa lilikauka na kujaa upya kama miaka 15,000 iliyopita. Takriban 200 zinahofiwa zimekwisha. Chache zilirudi miaka ya 1990 sangara alipopungua, na mimi kila nikimwona furu kwenye beseni la mchuuzi nasimama.

Halafu tazama kilichofuata. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, mji ukanenepa, minofu ikapanda ndege, mapanki, yaani mifupa na vichwa baada ya minofu kutolewa, yakabaki sokoni. Mwaka 1999 Ulaya waliposimamisha kununua samaki wetu kwa hofu ya sumu, mji mzima ulijua maana ya kutegemea mnunuzi mmoja. Na leo samaki yuleyule mgeni, aliyeletwa kwa jina la maendeleo na kula urithi wetu, ndiye tunayemchomea watu nyavu kwa jina la mazingira. Sisemi asilindwe. Watu wengi wanakula kwa ajili yake. Nasema mtu asije mkutanoni na neno "asili" kana kwamba limeandikwa kwenye maji. Kila mara kuna aliyechagua samaki yupi ahesabiwe.

Kwa wanaopenda nadharia kidogo: mwaka 1968 Mmarekani Garrett Hardin alisema malisho ya wote lazima yaharibike, kwa kuwa kila mchungaji anaongeza ng'ombe mmoja, faida anakula yeye, hasara wanagawana wote. Waliomsoma wakatoka na dawa mbili: mali ipewe mwenyewe, au ishikwe na dola yenye askari. Uzi huu una dawa zote mbili. Vizimba ni kumpa mwenyewe. Kufunga kwa amri ni dola. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi mwaka 2009, alizunguka kwa wavuvi na wamwagiliaji akakuta jamii zilizotunza mali ya pamoja kwa mamia ya miaka bila dawa hizo. Walijiwekea masharti wenyewe, wakasimamiana wenyewe, na adhabu zao zilianza ndogo zikapanda kadiri mtu anavyorudia. Linganisha na daftari la Mwana_wa_Mwaloni. Kwetu adhabu ya kwanza ilikuwa moto.

Mchimba_Nyarugusu

Mimi natoka upande wa dhahabu, Geita. Naona mnazungumza vizuri lakini njaa hamuigusi. Mtu mwenye watoto wanalia haambiwi habari ya vizazi vijavyo. Zebaki naishika kwa mkono wangu kila wiki, najua ni sumu, najua maji ya kuoshea yanakwenda mtoni na mto unakwenda ziwani. Niletewe njia nyingine yenye kutoa dhahabu ileile nitaiacha kesho. Kuniambia "acha" bila kunipa kitu mkononi ni kuniambia nife polepole.

Mwana_wa_Mwaloni (mleta uzi)

Mkuu Mchimba, nakusikia, na hapa ndipo naona tuko upande mmoja. Tume ya Brundtland mwaka 1987 iliposema maendeleo endelevu ni kukidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima wajao uwezo wa kukidhi yao, ilianza na "mahitaji ya leo". Ilitaja hasa mahitaji ya maskini. Sisi tumeshika nusu ya pili tu, kwa kuwa haina gharama kwa anayehubiri.

Mkazi_wa_Mabatini

Naomba niwageuze mtazame mjini. Mimi naishi jirani na Mto Mirongo. Njooni mvua ya kwanza ya masika mwone kinachoshuka: chupa, nepi, mafuta ya gereji, na vyoo vilivyofunguliwa usiku ili mvua ivibebe. Mto unapita katikati ya mji kwenda moja kwa moja ziwani. Nyumba zetu ziko juu ya mawe, gari la kunyonya majitaka halipandi, na kuchimba shimo kwenye jabali ni kazi ya fedha. Kuna mitaa ya milimani imewekewa mabomba membamba ya majitaka na tofauti unaiona kwa macho. Mingine bado inangoja.

Na maji hayohayo ndiyo tunayosukuma kutoka Capripoint na sasa Butimba kwenda kuyasafisha tunywe.

Na tusisahau mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Jirani yangu alikuwa na bustani ya mchicha na matembele pwani, iling'olewa asubuhi moja. Mita chache mbele yake kuna nyumba ya starehe ina ukuta umeingia hadi majini. Ukuta upo. Mchicha haupo. Sheria ni nzuri, mimi naiamini, bustani zinamomonyoa udongo. Lakini mimi nikiambiwa "linda mazingira" siku hizi moyo unasita, kwa sababu najua atakayeng'olewa.

Afisa_Mstaafu_Nyegezi

Umesema jambo zito, na nakuongezea. Sehemu kubwa ya fosforasi na naitrojeni inayolirutubisha ziwa hadi maji yanakuwa kijani haitoki kwenye bomba lolote. Inatoka hewani: vumbi la mashamba yaliyo wazi na moshi wa kuchoma nyika, vinashushwa na mvua. Kumbukeni maji mengi ya ziwa hili, karibu asilimia 80, yanatokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Anayechoma shamba lake Shinyanga au Simiyu analisha magugu maji bila kujua. Magugu yale yalipoziba mialo miaka ya 1990 tulilaumu mito tu, tukaleta wadudu wa kuyala, yakapungua, lakini chakula chao bado kinaingia.

Kilindi_na_Giza

Kwa hiyo mzee, mkulima wa Simiyu naye yumo kwenye bili.

Afisa_Mstaafu_Nyegezi

Yumo, mwanangu. Na hajawahi kuitwa kwenye kikao cha ziwa.

Mkara_wa_Ukara

Kuna wanaosema watu wakiwa wengi lazima waharibu ardhi. Mimi ni wa Ukara, kisiwa kidogo kilichobanana watu tangu enzi za babu zangu. Wazee walifunga ng'ombe ndani, wakawakatia majani, wakakusanya mbolea kikapu kwa kikapu hadi shambani. Walipanda marejea katikati ya nafaka ili kurutubisha udongo. Miti ilikuwa na wenyewe, kila mti unajulikana ni wa nani. Hakuna afisa aliyewafundisha, wataalamu wa kikoloni walikuja kushangaa. Ilikuwa kazi ngumu mno, na vijana wengi siku hizi wanaikimbia, wanakwenda kuvua au mjini. Nasema hivi ili mtu asidhani kulinda ni jambo la kuletwa na gari.

Musoma_Moja

Mimi nina dukuduku moja tu, uaminifu. Machi 2022 samaki walikufa Mto Mara, maji yakabadilika rangi. Kamati ikaundwa, ikapima, ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Watu huku hawakuamini. Sisemi kamati ilidanganya, mimi si mkemia. Nasema wananchi hawakuwepo maji yalipochotwa, kwa hiyo jibu likaja kama barua ya mtu mwingine. Mkipima kighuba chenu, pimeni mkiwa wote.

Mwl_Nyakato

Musoma_Moja, hilo la kupima wote liandikwe kwa herufi kubwa.

Na niwakumbushe kitu kuhusu kufunga. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kulikuwa na vilio na kulikuwa na waliounga mkono, hata miongoni mwa wavuvi. Kwangu mimi swali kuu la kufunga ni moja: katika miezi hiyo kibarua asiye na mtumbwi anakula nini? Kama jibu halimo kwenye tangazo, tangazo halijakamilika.

Mwana_wa_Mwaloni (mleta uzi)

Wakuu, narudi na mrejesho. Samahani kwa ukimya wa siku kumi na moja.

Tulipima. Tulikwenda na mitumbwi miwili: mmoja wa wazee wa BMU, mmoja wa vijana wa vizimba, na tukahakikisha ndani ya kila mmoja yupo mvuvi wa dagaa na mama mmoja. Kamba, jiwe, fundo kila mita. Sehemu kubwa ya kighuba haizidi mita nne. Kijana wa vizimba ndiye aliyekuwa anasoma mafundo kwa sauti, na alivyofika la nne mara ya sita akanyamaza. Nilimwonyesha maneno ya Kizimba_Kipya kwenye simu. Hakubishana. Kwenye mkutano wa pili kikundi chao kilikubali kutafuta eneo nje ya mdomo wa kighuba, na wanakijiji wakaweka sharti kwamba tathmini ya athari kwa mazingira isomwe mbele ya mkutano, kwa Kiswahili, kabla ya kizimba cha kwanza kuingia majini. Mfadhili hakufurahi. Aliondoka kabla ya chai.

Kufunga kighuba chote kumeshindikana, na mimi naona ni sawa. Tumefunga upande wa matete tu, kama theluthi moja, ambako viota vilionekana kwa macho maji yalipotulia asubuhi. Dagaa wanaruhusiwa theluthi mbili zilizobaki, kwa taa, bila kokoro. Masharti tumeandika wenyewe: kosa la kwanza ni onyo mbele ya mwaloni, la pili faini inayokwenda kwenye mfuko wa chanja, la tatu ndipo anaitwa afisa. Na kosa likiwa la wavu, anayeitwa ni tajiri mwenye wavu, pamoja na jina la duka alikonunua. Kilindi_na_Giza, hilo lilipita kwa kelele zako, nililisoma kama ulivyoliandika.

Yaliyobaki ni mengi. Tuliomba sehemu ya ushuru wa mwalo irudi kujenga chanja, barua imepokelewa, jibu hatujapata. Mama_Chanja, kina mama walikaa mbele safari hii, nilipanga viti mwenyewe, na mmoja wao ndiye mtunza mfuko. Majitaka ya mjini na moshi wa Simiyu hatukuweza kuvigusa kutoka chini ya mwembe wetu, ingawa tumeviandika kwenye kumbukumbu za mkutano ili visionekane tumevisahau.

Mpaka wa mazalia tumeuweka jana kwa madumu yaliyofungwa kamba na mawe. Mjomba wangu, yule wa daftari, ndiye aliyefunga mafundo yote. Kumi na manane. Hakusema neno, na mimi sikumwuliza.

Sasa nina ombi dogo. Madumu yetu ni ya bluu, na gizani mtumbwi unaweza kuyagonga bila kuyaona. Kuna mwenye rangi nyeupe ya mafuta aliyoibakiza baada ya ujenzi? Hata nusu kopo.

Mkazi_wa_Mabatini

Ninayo lita moja na brashi. Nakuletea stendi ya Nyegezi Jumamosi asubuhi.

Kizimba_Kipya

Na mimi nina boya mbili za ziada zenye kung'aa. Zichukue, uziweke pembe mbili za nje, huko ndiko mtumbwi unakotokea kwa kasi.